Siku Twiga wa Mutie Alipovunjika Shingo

Katika kibanda cha wachongaji kilicho nyuma ya soko la Gikomba, Nairobi, mgeni haulizwi kwao ni wapi wala anasali kanisa gani. Anaulizwa mnyama wake. Ndete, mwenyekiti, mnyama wake ni ndovu. Yule anayekaa mlangoni ni kiboko, na amekaa na kiboko hata uso umeanza kufanana na wa mwenzake. Mutie alikuwa twiga. Alimrithi kwa mjomba wake Matheka, aliyempata kwa mzee mwingine huko Wamunyu, Ukambani, na pamoja na twiga alirithi kijiti cha kipimo, kijiti chembamba cha mti mgumu chenye mikato ya kisu: hapa kwato, hapa goti, hapa mgongo, hapa masikio. Unakilaza juu ya gogo, unatia alama, unashika tezo. Mwenye kijiti hahitaji kuwaza. Ni jambo jema kwa mtu asiyependa kuwaza, na Mutie hakuwa mtu huyo.

Twiga wa kwanza alimfurahisha, akamwonyesha kila aliyepita. Wakaja wengine, na wengine, hadi mkono ukaijua kazi kuliko kichwa. Aliweza kuchonga huku akisinzia. Aliweza kuchonga huku akigombana na mtu. Siku moja watu wa kanisa walimchukua pamoja na wenzake kwenda kutembea mbuga ya kando ya jiji, akamwona twiga hai kwa mara ya kwanza maishani, na wazo la kwanza lililomjia ni kwamba Mungu amekosea shingo, ni fupi mno kwa kipimo cha kijiti. Alicheka peke yake. Halafu kicheko kikamkauka mdomoni.

Tuseme ukweli: alimchukia twiga. Alimchukia kama mtu anavyomchukia mpangaji mwenzake ambaye hana kosa lolote ila yuko pale kila siku. Na nyumbani, mtaa wa Huruma, hapakuwa na nafuu. Alikaa na mkewe Nthoki katika chumba kimoja, kwenye ghorofa lililobanana na jingine hivi kwamba upepo ukivuma nguo za jirani zinaingia dirishani kwako, na taa inawashwa mchana ili mtu aone sufuria. Binti yao Mwikali alishaolewa Machakos. Kila asubuhi Mutie alitoka chumbani, akakata Mathare, akapita Eastleigh, akaingia kibandani, akaketi kwenye kigoda chake kati ya nguzo na ukuta wa mabati. Kijiti kilikuwa kikimngoja pale alipokiacha. Alitaka kitu kimoja tu, nacho si kikubwa: aanze gogo asubuhi bila kujua jioni litakuwa nini.

Utasema, basi si achonge kingine? Wewe hukijui kile kibanda. Mtu mmoja, mnyama mmoja. Hiyo ndiyo sheria iliyowazuia kunyang'anyana wateja tangu enzi za waasisi. Anayetaka kubadilisha sharti kwanza aonyeshe kitu kipya ambacho mnunuzi amekikubali. Kisha anamkabidhi mwenzake mnyama wake wa zamani mbele ya wote, soda zinanywewa, Ndete anaomba sala ndefu, na kijiti kinaondoka. Kuanzia siku hiyo ukimchonga tena mnyama uliyemtoa wewe ni mwizi, na hakuna atakayeitikia salamu yako. Mativo, ambaye hakuwa na mnyama, alikuwa akichonga miiko ya saladi miaka nenda miaka rudi akingoja mtu afe. Kila Mutie alipokohoa, Mativo alimtazama kwa huruma iliyochanganyika na matumaini.

Aliyekuja kuvuruga mambo ni Otiende, na hakuja kuvuruga, alikuja kupiga msasa. Alikuwa kijana wa Huruma vilevile, mrefu, mpole, kazi yake kulainisha vinyago na kuvipaka rangi nyeusi ya viatu ili jakaranda ijifanye mpingo. Akitoka hapo alikuwa mpiga gitaa la besi katika bendi ya vijana wa Eastlands wanaopiga metali, muziki ule wa magitaa yanayonguruma na ngoma zinazokimbia kama zimeiba. Wengi hawajui kwamba muziki huo una wenyewe mitaa hii, lakini unao. Otiende aliuingia kwa mlango wa mitumba. Alinunua Gikomba fulana nyeusi iliyotoka kwenye belo la Ujerumani, akaipenda kwa sababu ya fuvu lililochorwa kifuani, ndipo akaona si vizuri mtu kuvaa jina la bendi ya watu asiowajua. Akawatafuta kwenye simu. Akawasikia. Hajapona mpaka leo.

Sasa bendi yake ilikuwa imeamua kujifunza albamu moja ya Wajerumani hao, yote, wimbo kwa wimbo, waje waipige kwenye ukumbi wa mtaa wa Umoja. Kwa hiyo Otiende aliiweka kwenye spika ndogo kando ya mkebe wa rangi, asubuhi hadi jioni. Ndete alisema huo ni muziki wa shetani, na kwamba hata shetani mwenyewe angeomba upunguzwe. Mativo alijiziba masikio kwa matambara. Mutie, ambaye upande mmoja alipakana na Otiende na upande wa pili na mabati, hakuwa na pa kukimbilia. Aliumeza wote.

Siku za kwanza alisikia kelele tu, kama mtu anayeburuta karatasi za bati juu ya lami. Lakini sikio la mchongaji ni sikio la mikato, na polepole akaanza kusikia kwamba wale watu hawakuwa wakipiga ovyo. Walikuwa wakikata. Magitaa mawili yalishuka pamoja, pigo kwa pigo, kisha yakanyamaza kwa ghafla hata moyo ukaruka, kisha yakaanza tena kutoka upande ambao hukuutazamia, mazito zaidi, hesabu nyingine kabisa. Ulipodhani umeshaishika njia, njia ilikuwa imepinda. Na juu ya yote hayo kulikuwa na mwimbaji ambaye hakutisha watu kama Mutie alivyotarajia. Alilalamika kwa sauti ya kukwaruza, kama mtu aliyefungiwa stoo akaamua kuzungumza na ukuta. Mutie hakushika hata neno moja. Hata hivyo alimwelewa, na jambo hilo lilimtia aibu kidogo, mzee wa kanisa kama yeye.

Siku moja akauliza kwa nini nyimbo hizi zinageukageuka hivyo, mbona hazina kiitikio cha mtu kushika. Otiende akaweka msasa chini, maana katika kibanda kile hakuna aliyewahi kumuuliza kitu.

"Mzae, hawa majamaa walikuwa wanajulikana na speed tu," alisema. "Ngoma zao zote zilikuwa mbio, mwanzo hadi mwisho. Halafu wakachoka. Wakajifungia studio wakatoa hii. Iko na giza, iko na hesabu ngumu, ata sisi inatutoa jasho. Mafans wakaleta noma, wakasema, hii si nyinyi."

"Nao wakasemaje?"

"Hawakusema kitu. Walikuwa washatoa."

Maneno hayo Mutie alikwenda nayo Huruma, akalala nayo, akarudi nayo. Walikuwa washatoa. Kwamba mtu anaweza kuchoka na kile anachojulikana nacho, akajifungia, akatoka na kingine, na watu wakinuna wanune. Alihisi wivu mkali juu ya watu ambao hakujua hata sura zao.

Basi ikaja siku ya mkosi, au ya bahati, sijui niite nini. Mutie alikuwa kwenye shingo, na shingo ya twiga ndiyo kazi inayomtenga mchongaji na mpasua kuni, kwa kuwa ukizidisha kidogo umekwisha. Mkono ulikuwa ukishuka na muziki bila yeye kujua. Ukafika wimbo mmoja mrefu wa katikati, magitaa yakatimka, tezo ikatimka nayo, na yalipokatika ghafla mkono haukukatika. Ukaenda pigo moja la ziada. Shingo ikalia ko, kichwa kikaruka mpaka miguuni kwa Ndete.

Kibanda kizima kiliacha kazi isipokuwa Wajerumani kwenye spika. Hakuna aliyekumbuka Mutie kuvunja shingo. Ndete akakiokota kile kichwa, akakitazama, akasema hilo ndilo hupatikana watu wakichonga na mashetani, na akaamuru gogo liwekwe kwenye kuni za mama wa chai. Mutie alilishika ili alitupe, lakini hakulitupa. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Alikuwa ametazama pale palipovunjika, na pale hapakuwa na alama ya kijiti. Kwa mara ya kwanza tangu utoto wake alikuwa ameshika mti asioujua mwisho wake. Alifurahi, naam, alifurahi, mtu mzima na mvi zake.

Akaligeuza. Mahali pa mabega akaona mgongo uliokunjwa. Akachonga hapo. Wimbo ulipogeuka, naye aligeuza gogo. Aliharibu hapa, akageuza uharibifu ukawa goti. Patasi iliteleza pale, mtelezo ukawa sikio lililobanwa. Siku kadhaa aliacha twiga kabisa, na wenzake wakamtazama kama mtu aliyelewa mchana. Kilichotokea ni mtu aliye ndani ya gogo: magoti kwenye kidevu, kichwa kimeinama kwa sababu dari la mti halimruhusu kukiinua, na kiganja kimoja kimesukumwa kwa nje, vidole vimetawanyika, kana kwamba amefika mwisho wa ukuta na anaupapasa. Otiende aliombwa amlainishe, akakataa. Alisema huyu mtu abaki na mikwaruzo yake.

Mutie alimbeba nyumbani ndani ya gunia. Nthoki alikuwa akichambua sukuma. Alimweka mtu yule juu ya meza, chini ya taa, na mkewe akaacha sukuma, akamzunguka pande zote ambazo chumba kiliruhusu.

"Baba Mwikali, huyu ni nani?"

"Sijui. Alikuja tu."

"Mimi namjua," Nthoki akasema, akarudi kwenye mboga zake. Baadaye, alipodhani mumewe hatazami, alinyoosha mkono akaweka kiganja chake juu ya kile kiganja cha mti.

Kageha alikuja mwisho wa juma. Ni mwanamke wa Vihiga, mcheshi, mwaminifu, anayekusanya vinyago kwa pikapu yake na kuvipeleka kwa maduka ya ng'ambo. Alikuja kibandani kuchukua twiga. Alipomwona mtu wa gogo, ambaye Mutie alikuwa amemrudisha kutoka nyumbani, alisahau twiga, akampiga picha, akamfunga kwa blanketi lake mwenyewe badala ya magazeti. Alisema huyu atampelekea mwenye duka mmoja wa Ujerumani amwone. Otiende alicheka hadi akapaliwa. Mutie hakucheka. Ametoka kwa Wajerumani, anarudi kwa Wajerumani, aliwaza, kama mtu aliyejibu barua.

Ndete alikuwa mkali lakini hakuwa mtu wa hila. Alimwita kando akamwambia sheria ni ile ile. Mnunuzi amekubali kitu kipya, basi Mutie achague: twiga au huyo mtu wake. Mshika mbili moja humponyoka. Alimshauri asiwe na haraka, akalale juu ya jambo hilo, maana twiga ana soko tangu Mzungu wa kwanza aliposhuka. Mutie alisema hana haja ya kulala. Amelala vya kutosha.

Wakakabidhiana. Soda zilinywewa, sala ikaombwa, ndefu, ikataja hata Nuhu na wanyama wake. Mativo alipokea kijiti kwa mikono miwili huku machozi yakimtoka, na nusura Mutie naye alie kwa kuona furaha ya mtu aliyepewa kifungo chake. Jioni ile alitembea hadi Huruma akiwa mwepesi. Alinunua nyama. Alimwambia Nthoki kwamba ana magogo mengine kichwani: mtu aliyesimama ndani ya mti, watu wawili wanaosikiana kupitia ukuta, mtu ambaye unaona mguu wake tu. Nthoki alimsikiliza kwa muda mrefu, jambo ambalo hakuwa akilifanya zamani kwa sababu zamani hakukuwa na la kusikiliza.

Pikapu ya Kageha ilirudi siku moja asubuhi, na alianza kupiga honi kabla hajaegesha. Yule mtu amependwa. Amewekwa kwenye dirisha la duka, picha yake imesambaa, watu wanamtaka. Kibanda kikapiga makofi, hata Ndete. Mutie akamshika Kageha mkono, akamweka kwenye kigoda, akaanza kumweleza magogo yake: yule wa kusimama, wale wawili, yule wa mguu. Kageha alimwacha amalize. Kisha akatoa simu, akafungua picha.

"Mzee Mutie, hao ni wazuri. Lakini watu wameona huyu. Wanataka huyu huyu, na kiganja hivi, na kichwa hivi. Nikiwapelekea mwingine watasema nimewadanganya."

Mutie alisema huyu hawezi kuchongwa tena, alitoka kwenye shingo iliyovunjika. Kageha akacheka kwa upole, akasema fundi kama yeye hashindwi na kitu. Alisema kwa moyo safi kabisa. Hapo ndipo kilipokuwa kisu, maana mtu akikuonea unaweza kugombana naye.

Alitazama upande wa Mativo. Mativo alikuwa na kijiti magotini, akitia alama za shingo, ulimi nje kwa umakini kama mwanafunzi. Maji yakimwagika hayazoleki. Mutie akainama akachukua gogo.

Alijaribu kumchonga tena kwa macho, bila kipimo, akashindwa. Kiganja kilikuja kikubwa, mgongo ukalala vibaya. Kageha alikirudisha kinyago, akaonyesha kwenye picha kilichokosewa. Alijaribu tena. Mwishowe alifanya alichojua kufanya. Alichukua ufito wa mti mgumu, akauchonga mwembamba, akaulaza kando ya simu ya Otiende iliyokuwa na ile picha, akakata kwa kisu: hapa visigino, hapa magoti, hapa kidevu, hapa kiganja. Hakuna aliyemlazimisha. Aliruka majivu akakanyaga moto, na moto wenyewe aliuwasha yeye.

Kibandani walianza kumtania. Mgeni akiuliza, walimwambia Ndete ni ndovu, Mativo ni twiga, na mnyama wa Mutie ni mtu.

Jumapili moja alasiri alikwenda Umoja kuwasikiliza akina Otiende. Alikaa nyuma na koti lake la kanisa, vijana wa fulana nyeusi wakampisha kwa heshima wakidhani ni mwenye ukumbi. Walipiga albamu yote. Hawakukosea hata mahali pamoja. Kila mkato ulianguka pale ulipoanguka kwenye spika ya kibandani, kila ukimya ulidumu vilevile. Watu walishangilia kwamba ni kama Wajerumani wenyewe. Mutie alipiga makofi pia, lakini moyoni alisikia baridi. Alikuwa amewaona wakitazamana kabla ya kila kona, wakihesabu kwa midomo, kama watu wenye kijiti.

Walipotoka alimpongeza Otiende, kisha akamuuliza wale Wajerumani, baada ya albamu hii, walitoa ipi.

"Walirudi kwa speed," Otiende akajibu, akipangusa jasho. "Mafans walitaka ile ya kwanza."

"Wakapokelewa?"

"Vizuri sana, mzae. Ni kama hawakuwa wametoka."

Mutie alitikisa kichwa. Wao walikuwa na kwao pa kurudi. Yeye, twiga wake Mativo amemchukua na sala imeshaombwa.

Kesho yake Otiende aliiweka tena albamu ile, kwa mazoea tu. Mutie alikuwa na gogo jipya magotini na alama zote zimetiwa. Alijikuta anajua. Alijua gitaa litakatika wapi na litarudi kwa upande gani, alijua mwimbaji atavuta pumzi lini, na tezo yake ilishuka pamoja nao, alama kwa alama, bila kupotea. Muziki uliokuwa ukimruhusu kupotea alikuwa ameshaujua njia yote. Mabati yalikuwa upande wake wa kulia pale pale yalipokuwa siku zote.

Ukafika ule wimbo mrefu wa katikati. Mutie akaacha kutazama alama. Akainua tezo juu kuliko kawaida, juu ya pale vidole vya mtu yule vilipotawanyika, na akaamua kwamba atakosea. Pigo moja tu la ziada. Vidole vikatike, gogo lipasuke, kitokee kitu kingine, chochote, hata kuni. Akafumba macho. Magitaa yakatimka, yakanyamaza ghafla, na tezo ikashuka.

Alipofumbua macho, kipande kilikuwa kimeruka palepale penye alama, safi, na vidole vyote vilikuwa vizima. Otiende, ambaye hakujua kilichokuwa kikiendelea, alimsifu kwa pigo lile. Mutie akainua tezo tena, akafumba macho tena. Mkono ulikataa kukosea.